Mbao za Dirisha la Mama

Jumatatu, 14 Agosti

Kila mwaka mwezi huu naanza kuandika, na sababu ni moja tu: ikifika Oktoba, watu wote wa bayu hii, kijito cha kinamasi kinachoelekea baharini, husema uongo kuhusu Agosti. Kila mtu alijua kimbunga kingepita wapi. Kila mtu alimwonya mwenzake. Nimechoka kubishana na watu wasiokumbuka hata walichokula jana, kwa hiyo naandika.

Leo kipimo kilichopigiliwa gatini kinasoma nyuzi mia moja na moja za Farenhaiti, na kiko kivulini. Upepo hakuna. Maji ya bayu yamekuwa mazito kama mchuzi uliolala, na samaki wanaelea matumbo juu mbele ya gati la jirani yetu Russel Dufrene. Yeye anawasukuma kwa kasia mpaka wafike mbele ya gati letu. Nilimwambia aache. Akasema maji ni ya Mungu. Nikamwambia uvundo nao ni wa Mungu, lakini pua ni yangu.

Mama yuko salama. Chumba chake ndicho pekee chenye kiyoyozi, kile cha dirishani kinachonguruma usiku kucha. Cha sebuleni kilikufa Juni, na mdogo wangu Ovide anasema atakitazama. Ovide hutazama vitu vingi.

Jumatano, 16 Agosti

Joto. Mbu. Kuku wawili wamekufa.

Jumamosi, 19 Agosti

Wataalamu wamerudi kazini. Nyumba yetu, kama zote za huku, imesimama juu ya nguzo ndefu ili maji ya bahari yakija yapite chini. Yasipokuja maji, chini huwa kuna kivuli, na penye kivuli wanaume hawakosi. Wapo Ovide, Russel, na Lester Pellegrin mwenye duka la chambo, ambaye sijui chambo anamuuzia nani kwa sababu dukani haonekani. Wanaketi kwenye viti vya kukunja, wanakunywa bia, wanatema mate kwenye udongo ninaoufagia mimi.

Kwenye nguzo ya katikati wametundika ramani ya Ghuba ya Mexico yote na visiwa vyake, imegandishwa kwenye kadi ngumu, na penseli inaning'inia kwa uzi. Redio ikitaja nyuzi za latitudo na longitudo za mahali kimbunga kilipo, Russel anazirudia kwa sauti, Ovide anaweka nukta. Halafu anaunganisha nukta na kuandika jina la kimbunga kando kwa herufi kubwa. Hakuna anayeruhusiwa kuishika penseli ile isipokuwa yeye.

Sifa zake nazijua, hakuna haja ya kunikumbusha. Mwaka ule redio ilisema kimbunga kinaenda Texas, Ovide akaitazama ramani yake akasema kinakuja kwetu. Alipita nyumba hadi nyumba akigonga milango mpaka vidole vikachubuka. Tuliondoka, na tuliporudi nusu ya nyumba hazikuwepo. Aliokoa watu, na mimi ni mmoja wao. Tangu siku hiyo neno lake hapa linapita la padri. Ila mtu akila sifa moja miaka yote hii, lazima avimbiwe.

Jumatatu, 21 Agosti

Kimezaliwa kimoja kusini mwa Kuba, na kimepewa jina Hollis. Ndilo jina la mume wangu wa zamani. Wamecheka huko chini mpaka Russel akapaliwa na bia.

"Nolia, mumeo anarudi," alinipigia kelele.

"Basi msihangaike na madirisha," nikamjibu toka ngazini. "Hollis ninayemjua mimi husema anakuja, akaishia baa."

Mama alisikia habari kwenye redio yake ndogo. Akaniagiza nichome jani la mtende la Jumapili ya Matawi juu ya jiko ili kukifukuza kimbunga, kama afanyavyo kila mwaka, na moshi wake ukaongeza joto ndani.

"Mama, tukienda Houma kwa binti wa shangazi, una chumba chako," nikamwambia. "Siku tatu tu."

"Siendi. Mara ya mwisho mlinipakia garini nikakaa njiani kutwa nzima na mkojo umenibana. Nimeshazeeka, Nolia. Acheni nife kitandani kwangu."

"Hakuna anayekufa. Basi uende kwa Ovide, hapo ng'ambo ya barabara. Kwake kuna baridi."

"Kwenye ile nyumba ya trela? Trela ni jeneza lenye magurudumu. Na huyo mkewe hajui kupika wali." Akafumba macho. "Ovide akisema tuondoke, nitaondoka. Ovide ndiye anajua."

Nimemwogesha mimi, nimemlisha mimi, nimemkata kucha mimi. Ovide ndiye anajua.

Jumanne, 22 Agosti

Leo wamefunga madirisha. Tuna mbao zetu za plaiwudi, zilizokatwa zamani, kila moja na namba ya dirisha lake. Zimeandikwa rangi juu ya rangi, matusi kwa kila kimbunga kilichowahi kututisha. Ovide alipanda ngazi na drili, Lester akashika miguu ya ngazi, Russel akatoa ushauri.

Dirisha la Mama liliwashinda, kwa sababu kiyoyozi kimechomoza nje na ubao haukai. Wakakitoa. Watu wawili walikishusha wakitukana, wakakiweka chini ya nyumba, wakakifunika turubai.

"Ovide," nikasema, "Mama atalalaje?"

"Siku mbili, dada. Hollis akipita tu, nakirudisha siku hiyohiyo."

"Sema siku hiyohiyo mara ya pili, nikusikie vizuri."

"Siku hiyohiyo. Mbona una maneno hivyo?"

Juu ya ubao wa dirisha la Mama akaandika kwa rangi nyekundu: HOLLIS, HATUNA NAFASI. Wenzake wakampigia makofi. Nilipanda chumbani nikamkuta Mama amekaa kitandani gizani, mikono mapajani, akisubiri kuambiwa kama ni usiku.

Alhamisi, 24 Agosti

Kimegeuka. Alfajiri redio ilisema Hollis amekata kona kwenda Florida, kama Ovide alivyosema tangu jana. Kufikia saa sita walikuwa wameshawasha moto chini ya nyumba na sufuria ya kaa inachemka, na watu wa bayu nzima wanakuja kumpa Ovide mkono kana kwamba yeye ndiye aliyekisukuma kimbunga kwa kiganja.

Mama alishushwa kwa kiti ili ale na watu. Akampakulia Ovide kwanza, kama kawaida yake. Humpakulia kwanza hata mbele ya padri. Kisha yeye mwenyewe akamega mguu mmoja wa kaa, akauweka chini.

Na joto ndiyo kwanza limezidi. Russel, ambaye baharini ana akili kuliko nchi kavu, anasema kimbunga kikipita mashariki yetu kinatuvutia hewa ya bara, kavu, iliyokwisha kuiva. Upepo ulitoka kaskazini leo nikafurahi, halafu ukanipiga usoni kama nimefungua oveni. Maganda ya kaa yalianza kunuka kabla watu hawajamaliza kula. Nzi walikaa juu ya meza, juu ya midomo, juu ya mfuniko wa bia ya Lester, naye akanywa hivyohivyo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Jioni nilimkumbusha Ovide kiyoyozi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kuna kingine nyuma yake. Ines. Nikifungua leo, keshokutwa nafunga tena."

"Ulisema siku hiyohiyo."

"Dada, tazama ramani."

Sikutazama ramani. Nilitazama kiyoyozi cha Mama. Walikuwa wamekitoa turubai na kukifanya meza ya karata.

Ijumaa, 25 Agosti

Nyuzi mia na tatu. Feni mbili chumbani kwa Mama, zinasukuma joto toka kona moja hadi nyingine. Taa siwashi, inaongeza joto; natumia tochi.

Jumapili, 27 Agosti

Ines amesimama katikati ya Ghuba hataki kwenda mbele wala nyuma. Ovide anaweka nukta juu ya nukta, na ramani sasa ina doa jeusi mahali hapo. Wako pale tangu watoke kanisani. Wanajadili kimbunga ambacho hakijatoka hata jasho, na juu ya vichwa vyao, unene wa mbao za sakafu tu, kuna mwanamke wa miaka themanini na saba anayeiva.

Nilikwenda kwa Lester nikamwomba aje na drili.

"Nitoe mbao za Ovide?" Alinitazama kama nimemwambia aibe sanduku la sadaka. "Bi Nolia, mbao hazitolewi kabla mwenye ramani hajasema. Unakumbuka ya Elphège? Alitoa zake mapema kwa sababu mkewe anataka mwanga. Kimbunga kikarudi nyuma, kikaja moja kwa moja."

"Kilikuja kwa sababu ya skrubu za Elphège?"

"Mimi nasema yaliyotokea tu."

Hiyo ndiyo imani ya bayu nzima, watu wenye simu zinazoonyesha mawingu kutoka angani. Ukitoa mbao mapema unakiita. Ningepanda ngazi mwenyewe, ila nyonga yangu ya kushoto hainipandishi hata kwenye basi. Na mbaya zaidi, Mama mwenyewe ameshikilia hayo hayo. "Usiguse, Nolia," amenionya. "Utatuletea balaa. Ovide ataniambia."

Nimeacha mlango wa mbele wazi ili hewa ipite. Hewa haikupita. Mbu walipita.

Jumatatu, 28 Agosti

Mama amekula vijiko viwili vya maharage na wali, akasukuma sahani. Ameniita Rosina. Rosina ni dada yetu aliyekufa akiwa na miaka tisa.

Nilishuka nikamwambia Ovide apande amwone. Alipanda. Alisimama mlangoni, simu mkononi, akasema, "Mama, hujambo? Ines bado amelala, usiwe na wasiwasi." Mama akatabasamu gizani kuelekea sauti yake. Ovide akajifuta shingo, akajifuta tena, akasema pale ndani hakuna hewa, akashuka. Hakukaa hata muda wa kunywa kahawa.

Nilimfuata mpaka kwenye ngazi.

"Umeona hali yake?"

"Ni uzee, dada. Joto tunalo sote."

"Wewe umeshindwa kusimama mle. Yeye analala mle."

"Kesho saa kumi inatoka taarifa kubwa. Ikionyesha anageuka, natoa mbao zote, nakirudisha kiyoyozi. Naapa."

Nimemjua mtu huyu tangu amefungwa nepi, na leo kwa mara ya kwanza sikutaka anikaribie. Ananuka bia na dawa ya mbu. Nilimwona mtu anayeogopa kukosea mbele ya Russel na Lester kuliko anavyoogopa kitu kingine chochote duniani, na nikaona kinyaa mpaka mdomo ukajaa mate.

Jumanne, 29 Agosti

Taarifa kubwa haikuonyesha kitu. Mbao zipo. Nimempa Mama barafu anyonye, nimemlaza na shuka lililolowa. Nilimbembeleza tena Houma, akakataa kwa kichwa, hakutaka kupoteza maneno.

Alhamisi, 31 Agosti

Naandika ya jana.

Saa nane mchana nilimpelekea Mama maji, nikamkuta amelala chali, mdomo wazi. Nikamgusa paji la uso. Siku zote hizi alikuwa anatoka jasho mpaka godoro linalowa, na jana alikuwa mkavu. Ngozi kavu, ya moto, kama sufuria iliyoisha maji jikoni. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakinitazama. Alikuwa anasema kitu kwa Kifaransa cha zamani, kile cha bibi yetu, kuhusu ng'ombe aliyekwama kwenye tope.

Nilipiga simu ya dharura. Mtu wa upande wa pili akasema gari la wagonjwa linatoka Houma, na siku hizi za joto magari yote yako njiani, nimpoze kwa chochote nilichonacho. Nilishuka ngazi sikumbuki nilivyoshuka. Nyonga haikunikumbusha.

Walikuwa watatu mbele ya ramani. Redio ilikuwa inataja nyuzi.

"Ovide, Mama anakufa. Toa ule ubao."

Akainua kidole bila kugeuka, kile kidole cha kumwambia mtu asubiri. "Nusu dakika, dada, wanatoa..."

Niliing'oa ramani. Niliivuta kwa mikono miwili, misumari ikatoka na vipande vya nguzo, na penseli ikaruka na uzi wake. Wote wakageuka. Hata mimi nilidhani nitaipasua, lakini nilipoishika mkononi nikaona ni kadi ngumu, pana, na kitu pekee nilichokuwa nakihitaji wakati ule ni upepo.

"Barafu," nikasema. "Yote. Mwageni bia."

Russel ndiye aliyesimama kwanza. Simsifu sana, lakini alisimama. Alipindua sanduku la barafu, makopo yakabingirika mpaka bayuni, akapanda nalo mgongoni juu ya ngazi. Halafu akashuka akachukua mtaimbo, akaweka ngazi dirishani, na nikiwa ndani nikasikia mbao zinalia. Hakungoja drili. Hakungoja mtu. Ubao ulianguka na mwanga ukaingia chumbani wote kwa mara moja, na ndipo nilipomwona Mama vizuri, baada ya siku sita za kumwona kwa tochi. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alikuwa amepungua, na mimi niliyemwogesha kila siku gizani sikuwa nimeona.

Nilimjazia barafu makwapani na shingoni. Nikampepea kwa ramani. Florida na Kuba na doa jeusi la Ines vilipita mbele ya uso wake, vikarudi, vikapita. Lester alisimama mlangoni akishika kofia yake, anasali kwa sauti, hana faida yoyote.

Ovide alipanda mwisho. Alisimama pale aliposimama Jumatatu.

"Mama," akasema.

Mama alisikia. Naapa alisikia, kwa sababu aliacha habari za ng'ombe. "Kimegeuka, baba?" akamuuliza.

"Ndiyo, Mama. Kimegeuka." Uongo. Kilikuwa hakijageuka.

"Niliwaambia," Mama akasema.

Nilimpepea mpaka gari lilipofika, na ndani ya gari nikaendelea kumpepea, ingawa mle walikuwa na hewa baridi na kijana wa gari aliniambia mara mbili kwamba naweza kuacha.

Jumamosi, 2 Septemba

Mama amefariki leo asubuhi, hospitali, Houma. Daktari amesema ni joto: figo, kisha moyo. Chumba chake huko kilikuwa cha baridi mpaka niliomba blanketi.

Ines ameingia Mexico.

Jumatano, 6 Septemba

Tumemzika. Kanisani wamempa Ovide mkono, na wawili wamemnong'oneza, mbele ya jeneza, "Na Ines pia ulisema amegeuka." Nilimsikia mmoja kwa masikio yangu. Mwingine nilimwona midomo. Koti la suti lilimbana Ovide, na alikuwa akitazama kofia yake muda wote kama kuna kitu kimeandikwa ndani.

Mkewe alileta sufuria ya wali msibani. Mama alisema kweli, hajui kupika wali.

Alhamisi, 7 Septemba

Leo Ovide ametoa mbao zote. Peke yake, tangu alfajiri, bila drili ya Lester na bila ushauri wa Russel. Alikipandisha kiyoyozi begani, mzigo wa watu wawili, akakirudisha dirishani kwa Mama, akakiwasha. Kinanguruma, na humo ndani hakuna mtu.

Nilimwambia azime. Akasema acha kwanza. Nimekiacha mpaka jioni, halafu nikaenda nikazima mwenyewe.

Jumatatu, 18 Septemba

Nyuzi tisini na sita. Wananiletea vyakula kwenye sahani ambazo lazima nizirudishe.

Jumapili, 24 Septemba

Viti vya kukunja vimerudi chini ya nyumba. Vitatu. Ovide anakuja, anakaa tu. Nguzo ya katikati ina matundu ya misumari. Kuna kimbunga kidogo karibu na Bermuda, Lester anakifuata kwenye simu na kusoma kwa sauti, na hakuna anayeweka nukta. Ramani ninayo mimi, chini ya godoro langu. Imekunjika kona, na ina alama ya maji pale barafu ilipoyeyukia. Hakuna aliyethubutu kuniuliza.

Nimemtazama Ovide toka dirisha la jikoni. Nilitaka bado anichukize, na bado ananichukiza. Lakini leo alipotoka alichukua ufagio, akafagia udongo walipotema mate.

Jumapili, 8 Oktoba

Upepo wa kaskazini umekuja jana usiku, ule wenyewe, wa baridi. Asubuhi nilivaa sweta. Watu wametoka nje kama waliofunguliwa, na baada ya misa wakaja chini ya nyumba yetu bila kualikwa, na kaa, na sufuria, na viazi, kama ilivyo desturi msimu wa vimbunga ukivunjika.

Nilikuwa nakata vitunguu kwenye meza ndefu. Lester alinyoosha miguu, akapiga mwayo wa kushiba kabla hajala.

"Mwaka huu tumepona, kusema kweli," akasema. "Msimu mzuri. Hatukuguswa hata na kimoja."

"Hata na kimoja," mtu mwingine akaitikia, na wengine wakatikisa vichwa, na kopo la bia likafunguliwa.

Sijui niliweka kisu wapi. Nilipanda nikaitoa ramani chini ya godoro, nikashuka nayo, na nyundo, na misumari minne. Nikaipigilia kwenye nguzo yake. Walidhani nimekuja na amani. Lester alisema, "Asante, Bi Nolia, palikuwa patupu." Penseli niliiokota siku ile ile ya barafu, ilikuwa bado na uzi.

Mstari wa Hollis ulikuwepo, na jina lake, ukielekea Florida. Doa la Ines lilikuwepo, ingawa safari yake ya Mexico hakuna aliyeichora. Nilitafuta bayu yetu, ambayo kwenye ramani ile ni upana wa unywele, nikaweka nukta moja juu yake, nikaikandamiza mpaka penseli ikatoboa. Kando yake nikaandika tarehe ya siku ya barafu, 30 Agosti.

Lester akainama kutazama. "Hiyo ya kimbunga gani? Mbona haina jina?"

Russel alikuwa anakoroga sufuria, akaacha kukoroga. Alijua, na akatazama majini.

Ovide akainuka kwenye kiti chake. Alikuja akasimama karibu nami, akanyoosha mkono, nami nikampa penseli, nikidhani atafuta, na nikiwa tayari kumpiga akifuta. Hakufuta. Akainama, akaandika kando ya nukta yangu kwa zile herufi kubwa anazoandikia siku zote, polepole, mpaka ya mwisho: OVIDE.

Akaiachia penseli ining'inie kwa uzi wake, akarudi akaketi. Lester alivua kofia, halafu hakujua afanye nini nayo.

Kaa walipoiva niliwapakulia wote. Ovide nilimpakulia mwisho.